Kompyuta imenirudisha kwenye plasta

Shikamoo Mzee.

Mwezi uliopita kwenye safu yako ya ushauri, ulipomjibu kijana wa gereji, ulidokeza kwamba kabla ya kustaafu ulikuwa fundi wa maabara ya meno. Nikasema huyu ndiye wa kumwandikia, maana nikimweleza mtu mwingine kazi yangu nusu ya muda inaishia kwenye kufafanua kwamba mimi si daktari.

Nina miaka 31, naishi Arusha, nina mtoto mmoja wa miaka minne. Nina diploma ya ufundi wa maabara ya meno, na huu ni mwaka wangu wa saba katika maabara moja ya binafsi hapa mjini. Kliniki kama kumi na mbili zinatuletea kazi: pleti (meno ya bandia ya kuvaa na kuvua) za jino moja moja, seti kamili za wazee, krauni (kofia ya kufunika jino), briji (daraja la kuziba pengo). Krauni za kauri nilikuwa nafanya mimi.

Mwaka jana bosi alinunua skana ya kusoma umbo la meno na mashine ya kuchonga zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe. Nilifurahi, nikajua zamu yangu ya kusogea imefika. Badala yake akamleta kijana aliyesoma kompyuta, ambaye hajawahi kushika nta ya kuchongea meno maishani mwake. Kijana anakaa chumba chenye kiyoyozi, anabofya kipanya, krauni inatoka. Mimi nimerudishwa chumba cha nyuma: namimina plasta kwenye vipimo vya midomo, nafunga flaski (kopo la chuma la kupikia meno ya bandia), nasaga akriliki (plastiki ya pleti), nameza vumbi. Mshahara wake unazidi wangu. Si mtu mbaya, ananisalimia vizuri, ila nikipita mlangoni kwake na ndoo ya plasta najisikia kama nimefeli mtihani ambao hakuna aliyeniambia kwamba upo.

Mara moja tu ndio nimeitwa kule. Kuna mama wa Maji ya Chai aliyevunjika jino la mbele, krauni ikachongwa, ikarudishwa na daktari mara mbili. Ilikuwa nyeupe kama kigae cha bafuni. Bosi akanikabidhi. Nikaomba picha ya meno mengine, nikaipaka rangi na kuichoma tanurini mara nne, ikapita. Siku hiyo nilienda nyumbani nimefurahi. Kesho yake nikarudi kwenye plasta.

Sasa nimeamua kusoma zaidi, lakini kila mtu ananivuta kwake. Mama anataka niende Muhimbili nikawe daktari wa meno kamili. Yeye tayari ameshawaambia majirani kwamba mimi ni daktari, na kuna watu wanakuja kubisha hodi saa tano usiku wameshika shavu. Kaka yangu yuko Hamburg, anasema Ujerumani wanatafuta mafundi, nianze Kijerumani. Na kuna bwana mmoja kwenye kundi la WhatsApp anafundisha usanifu wa meno kwa kompyuta kwa wiki mbili, shilingi milioni mbili na nusu, na mwisho unapata cheti cha kimataifa. Akiba yangu yote ni milioni tisa.

Jambo la mwisho naandika kwa aibu. Watu wananifuata nyumbani niwapime meno ya bandia bila kupitia kliniki, bei nusu. Nimefanya mara mbili, kwa jirani na kwa shangazi wa rafiki yangu. Hela ilikuwa nzuri. Usingizi haukuwa mzuri.

Nianzie wapi, Mzee?

Fundi wa Chumba cha Nyuma, Arusha

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka pale kwa mama yako, kwa sababu mama yangu mimi alikuwa hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini. Kwenye msiba wake mzee mmoja alinivuta pembeni akafungua mdomo nimtazamie gego. Mara ya pili nikakasirika kwa niaba yako. Mara ya tatu nikaona kwamba jibu umeliandika mwenyewe, umelibana kwenye mistari michache katikati, kisha ukapita haraka kama mtu aliyekanyaga noti asiione.

Rudi kwa yule mama wa Maji ya Chai. Wasomaji wa Pwani huenda hawajui tunaongelea nini. Maji ya upande ule wa Meru yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na vijito vya kwenu vinavyopita hapo mbali sana. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, jino linatoka na madoa: michirizi myeupe, kahawia, wakati mwingine vishimo. Sasa chukua kile kibao cha kulinganishia rangi za meno tunachotumia wote, cha kampuni ya VITA. Kina rangi 16, kutoka A1 hadi D4. Kimetengenezwa Ujerumani, na hakuna hata moja kati ya hizo 16 inayofanana na tabasamu la mtu aliyekulia Arumeru. Kompyuta ya kijana wenu ilichagua rangi kutoka kwenye orodha, na rangi aliyoitaka yule mama haikuwemo.

Wewe ulifanya nini? Uliomba picha ya meno mengine. Nani alikufundisha? Najua hukufundishwa, uliona tu kwamba floraidi haichagui upande: doa la jino la kulia lina pacha wake kushoto, karibu urefu ule ule, karibu kina kile kile. Ukamtazama pacha, ukapaka, ukachoma, ukapaka tena. Mara nne! Mimi ningeishia mara mbili nikasema inatosha. Hicho ulichokifanya kuna nchi mtu anakilipia kwa saa.

Kwa hiyo habari ya kufeli mtihani tuiache.

Nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Skana yenu ni ile inayoingizwa mdomoni kwa mgonjwa, au ni ile inayowekwa mezani? Kama kliniki bado zinakuletea vipimo kwenye trei, basi ni ya mezani, na kinachoskaniwa ni modeli, nakala ya meno ya plasta. Modeli hiyo kaimimina nani? Wewe. Kijana anachora krauni juu ya plasta yako. Kipimo cha aljineti, ule ute unaogandia mdomoni, kikikaa nusu saa juu ya meza ya mapokezi bila kitambaa chenye unyevu kinapoteza maji na kunywea, na hakuna programu itakayojua kwamba kimenywea. Itachora krauni safi kabisa ya jino ambalo halipo. Ukikoroga stoni ngumu, ile plasta ya modeli, kwa jicho badala ya kupima, ile inayotaka mililita 22 hadi 24 tu kwa gramu 100, ukaiongeza maji iteleze vizuri, umeilegeza kabla haijakauka. Zirkonia nayo ina mambo yake: inachongwa kubwa kuliko jino, kwa asilimia 20 na kitu, kisha inaokwa kwenye joto la nyuzi kama 1500 mpaka inasinyaa kufikia kipimo. Hesabu ya kusinyaa mashine inaijua. Kosa la modeli haiijui, na litasinyaa pamoja na krauni.

Usinielewe vibaya, sikwambii ukae chumba cha nyuma kwa unyenyekevu. Chumba cha nyuma kimenifundisha mengi na kimeninyima pumzi pia. Vumbi la moldi za kumiminia chuma lina silika, na lile la kusaga kobalti-kromu si rafiki wa mapafu ya mtu. Nikipanda ngazi ghorofa ya pili sasa nasimama katikati nijifanye naangalia simu. Kama bosi hajaweka mashine ya kufyonza vumbi pale unaposagia, hilo ndilo dai lako la kwanza kwake, kabla ya mshahara. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote.

Tuje kwenye masomo. Mama, kaka na bwana wa WhatsApp wanakutajia vyuo, na hakuna aliyekuuliza kama unataka mdomo au meza. Daktari wa meno anafanya kazi mdomoni: damu, mate, maumivu, mtu anayekushika mkono ukimchoma sindano, mtoto anayekuuma kidole. Fundi anafanya kazi mezani, na mgonjwa wake mara nyingi hamwoni kabisa. Kuna watu wanaipenda meza kwa sababu hiyo hiyo. Furaha uliyonisimulia ilitoka wapi? Barua nzima hakuna mgonjwa uliyemgusa isipokuwa wale wawili wa nyumbani, na hao walikunyima usingizi.

Kama ni mdomo, nenda, wala usimsikilize mtu atakayekwambia umri umepita. Ila ujue safari yenyewe. Shahada ya udaktari wa meno Muhimbili ni miaka mitano, halafu mwaka wa utarajali. Mlango wa kawaida ni Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Kwa wenye diploma, mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unataja diploma zinazokubalika kwa majina, kwa hiyo utafute jina la diploma yako neno kwa neno, usiridhike na mtu anayekwambia “si yote ni afya?” Ukitaka baadaye ubobee kwenye meno ya bandia kama daktari, ni miaka mingine juu ya hiyo. Mtoto wako atakuwa anamaliza shule ya msingi. Inawezekana, na nimewaona waliofanya. Wote walikuwa wanautaka mdomo. Aliyekwenda kwa ajili ya majirani alirudi mwaka wa pili.

Kama ni meza, kuna elimu ya juu ya meza, jambo ambalo kwetu watu hawalijui. Afrika Kusini vyuo vikuu vya teknolojia vya Durban na Tshwane vinafundisha ufundi huu, na mafundi wana baraza lao la kisheria tangu sheria ya 1979. Huko fundi bila usajili hana kazi. Uingereza ni hivyo tangu 2008. Marekani kuna mtihani wa ufundi uliothibitishwa ambao unachagua eneo lako, kama vile seti kamili, pleti za sehemu, krauni na briji, kauri, vifaa vya kunyoosha meno, au vipandikizi. Nakutajia haya upate kujua kwamba unaposema “fundi” husemi kitu kidogo. Lakini milioni tisa Durban haitamaliza mwaka, ada na chumba na chakula na mtoto. Huko unaenda kwa ufadhili au huendi. Na kabla hujaomba ufadhili, liulize Baraza la Madaktari Tanganyika kwa barua, jibu uliweke kwenye faili: shahada hii nikirudi nayo nitasajiliwa kama nani? Nimemfahamu mtu aliyerudi na shahada nzuri akaandikwa daraja lile lile aliloondokea.

Kaka yako ana hoja, ila amekupa nusu. Ufundi wa meno wa Kijerumani unaanza kwa uanagenzi wa miaka mitatu: siku kadhaa maabara, siku kadhaa shule ya ufundi, na unalipwa posho na maabara iliyokuchukua. Baadaye kuna mtihani wa ufundi mkuu, na ukiwa na huo ndipo unaruhusiwa kufungua maabara yako na kufundisha wengine. Nusu aliyokuacha nayo ni hii: wewe si mwanagenzi. Una diploma na miaka saba. Wajerumani wana utaratibu wa kupima vyeti vya nje, na kwa ufundi wa meno unapitia chama cha mafundi cha eneo husika. Wanaweza kukutambua kote, wanaweza kukutambua nusu na kukuonyesha pengo la kuziba. Mwambie kaka aache kukutumia video za theluji, aende akaulize hapo Hamburg ni karatasi gani wanazotaka kutoka kwako. Muhtasari wa masomo yako, barua ya bosi inayotaja kazi ulizofanya moja moja. Vitu hivyo ni rahisi kuvipata ukiwa bado umeajiriwa, na vigumu sana ukiwa umeshagombana.

Lugha uianze sasa. Bila kufika B1, ngazi ya tatu kati ya sita za lugha, hakuna wa kukusikiliza, na maabara nyingi watataka B2. Hiyo milioni tisa inaweza kukubeba kwenye lugha na ikabaki. Hata usipoondoka, hukupoteza; baadhi ya vitu unavyoshika kila siku, kuanzia kibao cha rangi, vimetoka Ujerumani.

Bwana wa WhatsApp, hapana. Si kwamba wiki mbili hazifundishi kitu. Zinafundisha vitufe, na vitufe vinabadilika kila toleo jipya. Neno “kimataifa” kwenye cheti halina mwenyewe, na wala hutaona baraza la nchi yoyote likilitambua. Muulize mtu huyo, mwisho wa wiki ya pili nitakuwa na krauni ngapi zilizokaa mdomoni mwa mtu? Akianza kukuonyesha picha za wanafunzi wameshika vyeti mbele ya bango, funga simu.

Hilo la nyumbani unalijua, ndiyo maana hukulala. Sitakugombeza sana. Nitakueleza tu kwa nini, kwa sababu wengi wanadhani ni wivu wa madaktari. Meno ya bandia ya mzee asiye na jino hata moja yanaonekana kazi ya fundi mtupu. Lakini aliyefungua ule mdomo mwanzo alipaswa kutazama chini ya ulimi, pembeni ya ulimi, nyuma ya gego la mwisho, na kujua kidonda cha pleti inayokwaruza na kidonda ambacho hakitapona. Mimi na wewe hatukufundishwa hilo. Uingereza kuna mafundi wanaoruhusiwa kumpokea mtu asiye na meno moja kwa moja, lakini wamesomea ziada na wameandikishwa kwa cheo hicho. Kwetu, sheria ya 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inataka kila mmoja afanye alichosajiliwa kufanya. Wale wawili uliowapima, wapeleke kliniki wakatazamwe. Gharama ya kuwaona daktari ilipe wewe. Watakaokuja baadaye wape namba ya daktari unayemwamini, naye atajua kazi ailete wapi.

Sasa kuhusu kompyuta yenyewe, na hapa ndipo nitakapokuomba ufanye kitu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifunga flaski ya seti kamili ya juu. Umeme ulikuwa unakatika kila jioni, nikaogopa utanikuta katikati, nikaitumbukiza flaski kwenye maji yanayochemka moja kwa moja badala ya kuipandisha taratibu. Nilipoifungua, kaakaa pale penye unene lilikuwa limejaa vitundu kama sifongo. Kimiminika cha akriliki huchemka karibu na nyuzi 100, na akriliki inapokamaa huongeza joto lake yenyewe, kwa hiyo katikati kulikuwa kumechemka kabla ya kuganda. Fundi mkuu hakunifokea. Aliikata ile pleti kwa msumeno, akanipa kipande chenye vitundu, akaniambia niwe nacho mfukoni. Nilikaa nacho miaka.

Kijana wenu wa kompyuta hana kipande mfukoni. Anajua kuvuta mstari kwenye skrini, hajui kwa nini gego la chini limelala kidogo kuelekea ulimi, au kwa nini krauni nzuri ya kutazama inamfanya mtu aumwe taya kwa sababu imegusa kabla ya wenzake wakati wa kuumana. Na nina hakika anajua kwamba hajui. Zirkonia iliyorudi mara mbili ilirudi kwenye meza yake, si yako.

Kwa hiyo usimwombe akufundishe, mpe biashara. Saa moja baada ya kazi, Jumanne na Alhamisi. Yeye akuonyeshe kuchora ukingo wa krauni, kupanga mguso na jino la jirani, kutuma faili mashineni. Wewe umfundishe jino. Nyumbani ukiwa na kompyuta ya kawaida tu unaweza kuendelea na Blender, programu ya kuchora maumbo, haiuzwi, inafungua faili zile zile za STL zinazobeba umbo la jino. Si programu ya meno lakini mkono na jicho vitazoea kugeuza gego hewani. Miezi mitatu hivi, ndipo umfuate bosi. Usimfuate na malalamiko. Mfuate na krauni kumi ulizochora, kumimina na kupaka rangi mwenyewe, na orodha ya kazi zilizorudi kabla na baada. Umwambie unataka cheo cha kukagua kila krauni kabla haijatoka, na mshahara wa cheo hicho. Akikataa, una jalada la kazi la kupeleka Hamburg, Durban au maabara ya mtaa wa pili.

Jumamosi hii pita dukani ununue mche mmoja wa sabuni, ule wa bluu, mgumu. Ukate vipande vinne. Jumanne mpelekee kijana kipande kimoja na kisu kidogo, mwambie achonge gego la kwanza la chini la kulia, vilele vitano, bila kutazama skrini. Wewe chonga lako pembeni yake. Yakiisha yaweke pamoja dirishani kwenye chumba chenye kiyoyozi.